Mtoto hakui: vipimo vya damu vya homoni ya ukuaji

Huenda mtoto wako ni mfupi kuliko wenzake wote darasani, au sare uliyomshonea mwaka juzi bado inamtosha vizuri. Mtu amekwambia, "Kampime homoni," na sasa unajiuliza kipimo hicho kinafanyikaje, kinauma kiasi gani na kitakwambia nini. Ukurasa huu unaeleza vipimo vya damu ambavyo madaktari hutumia wanaposhuku kwamba homoni ya ukuaji ya mtoto ina kasoro, na jinsi ya kumwandaa mtoto wako.

Kabla hujatoa fedha yoyote, fahamu jambo moja. Kuchota damu mara moja tu, saa yoyote ya mchana, na kupima kiwango cha homoni ya ukuaji hakumsaidii daktari kujua kama mtoto ana upungufu. Ukiona maabara inatangaza kipimo hicho peke yake, usikimbilie kulipia. Kuna njia sahihi ya kupima, na inaanza na rula, siyo na sindano.

Kwa nini kupima mara moja hakutoshi

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyoning'inia chini ya ubongo. Tezi hii haimwagi homoni mfululizo. Huitoa kwa mawimbi, na mawimbi makubwa huja usiku mtoto akiwa katika usingizi mzito. Kati ya wimbi moja na jingine, kiwango kwenye damu hushuka mno, wakati mwingine hadi mashine ya maabara isikione kabisa. Mtoto mwenye afya njema akipimwa saa nne asubuhi anaweza kupata jibu linalokaribia sifuri. Mama akipewa karatasi hiyo bila maelezo, ataondoka akiamini mwanawe ni mgonjwa.

Kuna watoto ambao kwao damu ya mara moja ina maana: watoto wachanga sana. Katika siku za mwanzo za maisha homoni hii huwa juu kwa kawaida, kwa hiyo ikikutwa chini, hasa wakati sukari ya mtoto imeshuka, hilo ni jambo la kufuatilia haraka. Tutalirudia mbele.

Anza na kimo

Daktari bingwa wa homoni za watoto atakuuliza kwanza kadi ya kliniki. Hataangalia tu kwamba mtoto ni mfupi leo. Anachotafuta ni kasi: mtoto ameongezeka sentimita ngapi tangu alipopimwa mara ya mwisho, na je, mstari wake kwenye chati ya ukuaji unapanda sambamba na mistari mingine au umeanza kulala?

Mtoto huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza kama sentimita 25, na mwaka wa pili kama 10 hadi 12. Baada ya hapo kasi hupungua, na kuanzia miaka 4 hivi hadi kubalehe watoto wengi huongeza sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Mtoto wa umri huo anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka anastahili kuchunguzwa, hata kama kwa sasa si mfupi wa kutisha. Mwingine anaweza kuwa mfupi kuliko wote darasani na bado akawa anaongeza sentimita 6 kila mwaka. Huyo mara nyingi ni mzima, na ana wazazi wafupi au ni wa kuchelewa kubalehe.

Tatizo ni kwamba kliniki nyingi hupima uzito kila mwezi na kusahau urefu, na mtoto akimaliza chanjo hakuna anayempima tena. Kwa hiyo mpime mwenyewe. Msimamishe bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, kisha weka kitabu kigumu kichwani na uchore alama kwa penseli. Kama ana rasta au amesukwa nywele za kusimama, tafuta sehemu ya kitabu kukalia fuvu lenyewe, maana msuko mmoja unaweza kukudanganya kwa sentimita 2. Andika tarehe. Rudia baada ya miezi 6, mahali palepale. Ukipima kila wiki utajitia wasiwasi tu, kwa sababu kosa la kupima ni kubwa kuliko kile alichoongeza.

Pima pia kimo chako na cha baba yake. Kwa mvulana, jumlisha vimo viwili, ongeza 13, gawa kwa 2. Kwa msichana, jumlisha, toa 13, gawa kwa 2. Baba akiwa na sentimita 165 na mama 158, mvulana wao angetarajiwa kufikia karibu 168 na msichana karibu 155, kwa kuzidi au kupungua sentimita 8 hadi 10. Ni makadirio, lakini humsaidia daktari kujua kama mtoto amefuata ukoo wake au ameuacha.

Ni ugonjwa nadra, na si kosa lako

Upungufu wa homoni ya ukuaji hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 4,000 hadi 10,000. Linganisha na udumavu unaotokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara: kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania walikuwa wamedumaa, na Kenya asilimia 18. Ndiyo maana daktari mwenye busara hatakimbilia homoni. Atauliza mtoto anakula nini, anaharisha mara ngapi, na amelazwa mara ngapi.

Huko nyumbani huenda umesikia maelezo mengine. Sehemu nyingi za Tanzania mtoto asipokua, watu hunong'ona kwamba amebemendwa, na lawama humwangukia mama au baba kwa jinsi walivyoishi wakati wa kunyonyesha. Kwingine husema ni jicho la mtu. Tezi ya pituitari haiharibiwi na tendo la ndoa wala na husuda. Watoto wengine huzaliwa tezi haikuumbika vizuri, wengine wamerithi kasoro kwenye jeni, wengine wana uvimbe karibu na tezi, au waliwahi kupata ugonjwa wa ubongo, jeraha kubwa la kichwa au mionzi ya matibabu ya saratani. Kwa wengi sababu haipatikani kabisa. Hasara ya minong'ono ni kwamba mama huona aibu, humficha mtoto, na miaka inapita.

Damu ya kwanza hutafuta mambo mengine

Siku ya kwanza ya vipimo, damu itakayochotwa kwa kawaida si ya homoni ya ukuaji. Huwa ni ya kuondoa sababu za kawaida zaidi: wingi wa damu, dalili za uambukizo wa muda mrefu, figo, ini, virusi vya UKIMWI, na seli mundu kama haijawahi kupimwa. Kinyesi kinaweza kupimwa minyoo. Kifua kikuu kitaulizwa.

Homoni ya thairoidi, ile inayotoka kwenye tezi ya shingoni, lazima ipimwe. Ikiwa chini, mtoto haongezeki urefu, na zaidi ya hapo pituitari yake hujibu vibaya kwenye vipimo vya homoni ya ukuaji. Huyo hutibiwa thairoidi kwanza, na wengi huanza kurefuka bila kuhitaji kipimo kingine.

Msichana mfupi bila sababu inayoeleweka apimwe kromosomu, hata kama anaonekana kawaida kabisa. Hali iitwayo Turner huwapata wasichana tu na mara nyingi hugunduliwa kwa kuchelewa, pale asipoota matiti. Ni kipimo cha damu pia, na majibu yake huchukua muda mrefu zaidi.

Mtaje daktari kila dawa anayotumia mtoto. Vidonge vya steroidi kama prednisoloni, vikitumiwa kwa miezi, huzuia ukuaji, na huku kwetu hununuliwa dukani kwa urahisi kwa ajili ya pumu, vipele, au "kumfungulia hamu ya kula". Vidonge vya nywele na kucha vyenye baiotini navyo huweza kuvuruga majibu ya maabara. Viache siku chache kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Mtoto atapigwa pia eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto ili kuona umri wa mifupa yake. Haina maumivu, na bila hiyo majibu ya damu ni magumu kuyasoma.

IGF-1, kipimo cha mlangoni

Homoni ya ukuaji ikifika kwenye ini, huamrisha ini litengeneze kitu kingine kinachoitwa IGF-1, na hicho ndicho hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kurefusha mifupa. IGF-1 haipandi na kushuka kwa saa, kwa hiyo inaweza kupimwa mara moja, wakati wowote, bila mtoto kukaa na njaa.

IGF-1 ikiwa katikati au juu kwa umri wake, upungufu mkubwa wa homoni ya ukuaji hauelekei kuwapo. Ikiwa chini, usiseme tayari. Njaa hushusha IGF-1. Ugonjwa wa ini huishusha, na maradhi ya muda mrefu huishusha pia. Kwenye utapiamlo mkali hutokea jambo la kushangaza: homoni ya ukuaji yenyewe huwa juu, lakini ini halina chakula cha kutengenezea IGF-1, na mtoto harefuki. Kumchoma huyo homoni ni kumwongezea kitu ambacho tayari anacho kingi; anachohitaji ni mlo. Basi kama mtoto ametoka kuugua malaria au ameharisha wiki nzima, ahirisha kipimo hadi apone na ale vizuri.

Jibu lisomwe kwa umri, jinsia na hatua ya kubalehe. Watoto wa chini ya miaka 5 wote huwa na IGF-1 ya chini, kwa hiyo kwao daktari anaweza kuongeza kipimo kingine, IGFBP-3, ambacho ni protini inayoibeba IGF-1 ndani ya damu.

Siku ya kipimo cha kuchochea

Kama kasi ni ndogo, sababu nyingine zimeondolewa na IGF-1 iko chini, ndipo hufanyika kipimo kikubwa. Kwa kuwa hatuwezi kusubiri wimbi lije lenyewe usiku, mtoto hupewa dawa inayoilazimisha pituitari kutoa homoni, kisha damu huchotwa mara kadhaa ili kuona kilele kimefika wapi. Kipimo hiki hufanyika hospitali kubwa, chini ya daktari na nesi waliokizoea. Maabara ya mtaani si mahali pake.

Mtoto hufika asubuhi akiwa hajala tangu usiku, mara nyingi tangu saa sita. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa. Hapa kuna onyo: kama mtoto wako ni mdogo sana, au aliwahi kushikwa na degedege, kutetemeka au kuzirai akiwa na njaa, usimlaze njaa nyumbani kabla ya kumwambia daktari. Mtoto mwenye upungufu huu anaweza kushukiwa na sukari akiwa amelala. Huyo hufungishwa kwa saa chache zaidi, au hulazwa wodini ili apimwe sukari usiku.

Nesi ataweka kanula kwenye mshipa wa mkono. Hilo ndilo chomo la siku. Damu zote zinazofuata huchotwa kupitia hapohapo. Uliza kama wana krimu ya ganzi ya kupaka nusu saa au saa moja kabla. Mtoto atachotwa damu ya kwanza, atapewa dawa, kisha damu kila baada ya dakika 30 kwa saa 2 au 3. Kila mara ni mililita chache tu. Mama wengi huogopa kwamba mtoto "ataishiwa damu". Jumla yote kwa kawaida haizidi vijiko viwili vya chakula.

Dawa zinatofautiana, na ni haki yako kuuliza anapewa ipi. Klonidini humezwa. Humfanya mtoto asinzie na hushusha presha, kwa hiyo atalala kitandani na kupimwa presha mara kwa mara. Usimwache akimbie chooni peke yake. Glukagoni ni sindano. Inaweza kuleta kichefuchefu na kutapika, na sukari hupanda kwanza kisha hushuka baadaye, pengine mkiwa mmejiandaa kuondoka. Arginini hupitishwa kwa dripu. Insulini nayo hushusha sukari kwa makusudi, kwa sababu sukari ikishuka mwili hujibu kwa kumwaga homoni ya ukuaji. Ni kipimo chenye nguvu na chenye hatari, na hakifai kwa watoto wadogo wala kwa mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo. Daktari asiondoke kitandani. Ukiambiwa kipimo cha insulini kitafanyika bila daktari wala glukosi ya dharura karibu, una haki ya kukikataa.

Mvulana au msichana anayekaribia umri wa kubalehe lakini bado hajaanza anaweza kupewa dozi ndogo ya homoni ya kike au ya kiume siku chache kabla. Usishtuke. Pituitari ya umri huo huwa nzito kujibu, na bila msaada huo mtoto mzima anaweza kuonekana ana upungufu.

Beba blanketi, maana vyumba hivi huwa na baridi, kitu cha kumchezesha, na chakula cha wanga na sukari cha kula mwishoni: chapati, viazi, ndizi, juisi. Mtoto asiondoke hospitali kabla hajala, chakula kikatulia na sukari ikapimwa ikawa sawa. Mweleze ukweli usiku uliotangulia, kwamba atachomwa mara moja na atakaa muda mrefu. Mtoto aliyeambiwa "hakuna sindano" hatakuamini safari ijayo, na safari ijayo inaweza kuwapo.

Kwa nini inaweza kuwapo safari ya pili

Watoto wengi wazima hushindwa kipimo kimoja cha kuchochea. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ni kufanya vipimo viwili kwa dawa mbili tofauti, na upungufu husemwa pale vyote viwili vinapobaki chini. Anayesamehewa kipimo cha pili ni mtoto ambaye tayari picha ya kichwa imeonyesha kasoro ya tezi na homoni nyingine za pituitari nazo zimepungua.

Kwa miaka mingi kilele kilichohesabiwa kuwa cha kutosha kilikuwa nanogramu 10 kwa mililita. Siku hizi vituo vingi hutumia 7, kwa sababu mashine za sasa husoma tofauti na zile za zamani. Mtoto mwenye 8 basi anaweza kuitwa mgonjwa hospitali moja na mzima hospitali nyingine. Mtoto mnene naye hutoa kilele kidogo bila kuwa na upungufu. Nambari hii ni ushahidi mmoja tu kati ya kadhaa, na daktari anayeisoma bila kutazama chati ya kimo anasoma nusu ya habari. Omba nakala ya majibu yote, yenye saa ya kila damu na jina la dawa, uihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.

Mtoto anayerefuka kupita kiasi

Ni nadra zaidi, lakini hutokea: mtoto anayeacha wenzake mbali kwa ghafla, viatu vikibadilishwa kila baada ya miezi michache, pamoja na maumivu ya kichwa. Hapa kipimo hugeuzwa. IGF-1 hupimwa, kisha mtoto hunyweshwa maji ya glukosi na damu kuchotwa kila nusu saa kwa saa 2. Kwa mtu mzima wa afya sukari hiyo huizima homoni ya ukuaji. Isipozimika, hutafutwa uvimbe kwenye tezi.

Usisubiri foleni ya kliniki kama

Mtoto mchanga sukari yake inashuka mara kwa mara, manjano hayaishi, au mvulana amezaliwa na uume mdogo sana. Dalili hizi zikiwa pamoja, pituitari inaweza kuwa haifanyi kazi, na hatari ya kwanza si ufupi bali ni sukari na homoni ya kotisoli, ambazo zinaweza kumuua au kumharibu ubongo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mtoto mkubwa aliyeacha kukua na sasa anatapika asubuhi, kichwa kinamuuma, haoni vizuri pembeni, au anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, anahitaji picha ya kichwa haraka.

Baada ya upungufu kuthibitika

Hatua inayofuata ni picha ya MRI ya kichwa. Kisha matibabu: sindano nyembamba chini ya ngozi, kila jioni, kwa miaka. Zipo sasa pia za mara moja kwa wiki, ingawa hazipatikani kila nchi. Homoni yenyewe hutengenezwa kiwandani tangu 1985; kabla ya hapo ilitolewa kwenye tezi za maiti, na baadhi ya waliotibiwa walipata ugonjwa wa ubongo wa kuua. Ukisikia habari hiyo ya kutisha, ujue ni ya dawa ile ya zamani. Poda na vidonge vya "kurefusha" vinavyouzwa mitandaoni si homoni hii, kwani yenyewe ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama.

Sindano ni ghali, na hilo hatulifichi. Kabla ya kuanza, uliza bima inalipa nini na kwa muda gani, kwa sababu kuanza na kuacha hakuna faida. Uliza pia rufaa ya daktari bingwa wa homoni za watoto. Idadi yao katika ukanda wetu imeongezeka tangu mafunzo yao yaanze Nairobi mwaka 2008.

Muda una kikomo. Mifupa hurefuka kupitia sahani za gegedu karibu na ncha zake, na baada ya kubalehe sahani hizo hufunga. Zikishafunga hakuna sindano itakayoongeza hata sentimita moja. Mtoto anayeanza akiwa na miaka 5 ana nafasi kubwa kuliko wa miaka 13.

Akiwa kwenye dawa, atachotwa damu ya IGF-1 mara moja au mbili kwa mwaka ili dozi isizidi wala kupungua, na thairoidi itapimwa tena kwa kuwa inaweza kushuka. Akimaliza kurefuka, kipimo cha kuchochea hurudiwa. Wengi ambao sababu ya upungufu wao haikujulikana hukutwa tezi inatoa homoni ya kutosha, na sindano husimamishwa hapo.